Reki Yangu na Bega la Espoir

Kabla hamjazisikia habari zangu kwa watu wengine, zisomeni kwangu mwenyewe. Nimestaafu, funguo za ghala nimezirudisha, na ninyi vijana wawili mliobaki pale uwanjani Auderghem, hapa Bruxelles, mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi. Nashuku mmeniomba ili niache kuwapigia simu kila mvua inaponyesha. Haya. Vyeo sitaviandika kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara ni siri ya mtu na mke wake. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na kwa nini katika msimu wangu wa mwisho watu wazima waliotoka kanisani walikuwa wakinitazama kama mwizi wa kuku. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili rais wa klabu asiweze kusoma. Mtaona huko mbele kwamba hata hilo si jambo la kulitegemea sana.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nyumbani nilikuwa fundi baiskeli, na nyasi kwangu zilikuwa chakula cha mbuzi, basi. Komini, yaani serikali ya mtaa, iliponiajiri kutunza viwanja vya michezo nilidhani nimepata kazi ya kupumzika. Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Jef, Mflamandi mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Jef alinipa ndoo tupu, akanionyesha eneo la udongo mwekundu, akaniambia niokote mawe. Nikaangalia, sikuona jiwe. Nikajua ananifanyia mzaha kwa kuwa mimi ni mgeni. Niliinama kwa hasira nikaanza kuokota vitu vidogo vidogo, na kufikia mchana ndoo ilikuwa inanivuta bega. Jef akachukua kijiwe kimoja, hakikuzidi punje ya mahindi, akakiweka kwenye kiganja changu. "Mpira ukigonga hiki," alisema, "unabadili njia na kumpiga mtu jino." Baadaye niliona kwamba yeye mwenyewe ana jino la bandia mbele. Sikumuuliza.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Ninyi mnaujua, lakini wake zenu watasoma pia, kwa hiyo naeleza. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kurusha mpira. Mwenzake wa timu, mdakaji, anachuchumaa mbele yake kwa mbali ili audake. Mbele ya mdakaji anasimama mpinzani mwenye rungu, huyo ni mpigaji, na kazi yake ni kuuzuia mpira usifike. Zamu zikitimia tisa, mchezo umeisha. Yote yanayobaki ni watu kubishana.

Kichuguu ndicho kazi. Nyasi hata mashine inaweza kuzikata, lakini kichuguu kinataka mtu. Udongo wake ni wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye kiatu kama ugali mbichi. Ukikauka sana unapasuka, ukilowa sana mrushaji anateleza na kuteguka mguu. Asubuhi unaunyunyizia maji kidogo, unaufunika kwa turubai, unaufunua mchezo ukikaribia. Mrushaji anapotupa, mguu wake wa mbele hutua mahali palepale kila mara, na baada ya muda pale panakuwa shimo. Ndiyo maana baada ya zamu ya tano mchezo husimama kidogo. Mmoja anaburuta wavu wa chuma kusawazisha udongo wa pembeni, mwingine anapanda kichuguu na reki na kishindilio, anajaza shimo kwa udongo wenye unyevu, anashindilia, anamwaga vumbi kavu juu, anashuka. Huyo mwingine nilikuwa mimi. Watazamaji wengi hutumia nafasi hiyo kwenda chooni.

Jef alinifundisha reki, lakini zaidi alinifundisha kushuku. Hakuamini utabiri wa hewa. Hakuamini mbegu za nyasi zenye picha nzuri kwenye mfuko. Bomba la maji lililojikunja vizuri lenyewe alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kulifungua. Mwaka mmoja fuko alitoka msituni akatuchimbia uwanja kila siku, tukamwekea vitunguu saumu, tukamwekea chupa zinazopiga mluzi kwa upepo, hakujali. Kisha akaondoka bila kuaga. Mimi nilifurahi, Jef akanuna juma zima, akisema mnyama haondoki bila sababu. Tulikuja kumkuta kwenye viwanja vya tenisi. Nami nilikuwa mwanafunzi mwepesi katika somo hili, kwa kuwa mtu aliyewahi kukimbia kwao usiku wa kuamkia sikukuu hahitaji mwalimu wa kumwambia asiamini kimya. Jef alikuwa na neno jingine pia, kwamba mtunza uwanja akifanya kazi vizuri hakuna anayemtaja jina. Alipoondoka aliniachia reki yake, akanikumbusha kwamba ni mali ya komini.

Miaka ikapita hivyo, na sikutajwa jina.

Espoir alikuja kwetu akiwa bado mwanafunzi wa shule. Mama yake, ambaye wote tunamwita Maman Espoir, alikuwa ametoka naye Bukavu, wawili tu. Espoir alikuwa na mkono mrefu na uso usiobadilika, na hivyo viwili ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa mrushaji. Alipokuwa mtu mzima na kupata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, tayari alikuwa mrushaji bora wa klabu. Alikuwa na mirusho miwili ya maana. Mmoja ni wa kasi, watu wetu waliuita moto. Wa pili unakuja kama huo wa kwanza, kisha ukimfikia mpigaji unashuka na kukata pembeni, huo wakauita kupinda. Mpigaji akijua upi unakuja, atauotea. Asipojua, anapiga hewa. Ndiyo maana mdakaji huagiza mrusho kwa vidole, akivificha katikati ya mapaja: kimoja ni moto, viwili ni kupinda. Anayetakiwa kuviona ni mrushaji peke yake.

Watu wa Kivu waliposikia kwamba mtoto wao anasifiwa na Wabelgiji, wakaanza kuja Jumapili. Hawakukaa kwenye mabenchi ya klabu, ambako watu hutazama mchezo kimya kama wako kwa daktari. Walitandika mikeka yao kwenye mwinuko wa nyasi, nyuma kabisa ya uwanja, upande wa msitu, wakimwona Espoir mgongoni na mdakaji usoni. Walikuwa wanatoka kwenye misa ya Kiswahili kule Koekelberg, na misa ile mnaijua, ina matangazo yake, halafu ina salamu zake pale mlangoni, halafu kuna metro ya kuvuka mji mzima. Walikuwa wakifika zamu ya tano. Mimi si mtu wa misa, ni mtu wa Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa naona mchezo tangu mwanzo.

Na pale kwenye mikeka ndipo ulipozaliwa ubishi kwamba Espoir huchoka mwishoni. Kuanguka, alikuwa anaanguka kweli, hapo siwezi kuwasingizia. Zamu za mwanzo wapigaji walikuwa wakipiga hewa na kurudi kwenye benchi wakitazama rungu zao. Ikifika zamu ya sita, ya saba, watu walewale walikuwa wakimpiga mipira hadi msituni. Kiongozi wa ubishi alikuwa Papa Venant, zamani mlinzi wa mbuga ya wanyama huko Kivu, mzee mwenye suti na heshima zake. Nilikuwa nikipita chini ya mwinuko na toroli langu nikimsikia.

"Bon, miye nasema hivi," alikuwa akianza. "Mutoto iko na nguvu, lakini iko natuma kupinda mara mingi. Kupinda inamalizaka bega. Njo juu ya ile anachokaka ku mwisho."

"Mutoto wangu hachokake," Maman Espoir alimjibu. "Kila siku anainua bazee mu kitanda, batu bazima na bizito yabo. Atachoka na kampira? Hapana, Papa Venant. Kama anatumaka moto tu, hakuna wa kumuweza."

"Donc, tuhesabu," alisema Papa Venant.

Jumapili iliyofuata akaja na darubini yake ya kazi ya zamani. Kila mdakaji alipoonyesha vidole, Papa Venant alitangaza kwa mikeka yote, ili baadaye mtu asikane. "Moto." Na upande wa Maman Espoir ukaitikia kwa shangwe. "Kupinda." Na upande wa Papa Venant ukaitikia wao. Rais wa klabu, Monsieur Luc, aliposikia kelele zile alisugua mikono na kusema hatimaye tuna mashabiki wenye ari. Mimi nilikuwa nakwenda kuosha vifaa nyuma ya ghala na kuanza kuchora mistari ya uwanja wa pili. Nikisikia Kiswahili kwa mbali mwili unalegea, sisikilizi maneno.

Hayo yalikwenda msimu mzima na nusu ya mwingine. Mimi nikiwa mimi, niliwashuku wote. Nilishuku udongo mpya tulioletewa, nikauonja kwa ulimi kama Jef alivyonifundisha, ukawa udongo. Nilimshuku Espoir, nikamchungulia anakunywa nini kabla ya mchezo, yakawa maji. Nilimshuku mdakaji, kijana wa Kibelgiji mwenye tabasamu nyingi mno kwa mtu anayegongwa na mipira mchana kutwa, nikakuta ameoa juzi tu, hiyo ndiyo sababu. Sikumwambia mtu haya. Kazi ya kushuku huifanyi kwa kipaza sauti.

Wao kwenye mikeka walikuwa na desturi tofauti. Ilikuwa ni Monsieur Luc mwenyewe aliyewapa cha kutafuna, bila kujua. Alikwenda kuwasalimu, akawasifia kijana wao, akawaambia kwamba timu inapocheza ugenini Espoir humaliza zamu zote tisa bila shida. Ugenini wao hawakwenda, ni mbali na hakuna metro. Papa Venant akafikiri. Ugenini mutoto hachoki. Nyumbani anachoka. Donc si bega, ni uwanja. Na kila wanapofika na mikeka yao, kitu cha kwanza wanachokiona ni yule papa wa Buja, ndiyo Bujumbura, Mrundi, yuko juu ya kichuguu na reki, anamwaga kitu, anashindilia kitu, anashuka. Na akishuka tu, mutoto anaanguka.

Mkiniuliza mimi, kama ningekuwa nimekaa kwenye mkeka ule, ningenishuku pia.

Niligundua jambo hilo kwenye saluni iliyo Galerie d'Ixelles, ninakonyolewa ndevu. Nilisukuma mlango nikasikia "ule papa wa Buja" na "monticule", ndiyo kichuguu kwa Kifaransa, na kabla mlango haujafungwa nyuma yangu Kiswahili chote kikageuka Kilingala. Mimi Kilingala sijui, na wao walijua kwamba sijui. Kinyozi akanipaka sabuni bila kunitazama kwenye kioo. Papa Venant alikuwepo, akasimama kunipa mkono kwa adabu kamili, akauliza nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo. Mwingine akauliza, eti ule udongo wa pale uwanjani tunautoa wapi. Nikasema kwa muuzaji. Akasema, "Ah bon," kwa namna ya mtu anayeweka neno akiba. Nilitoka na nusu ya ndevu haijanyolewa vizuri, na nilikuwa na uchungu ambao sikuwa nao tangu nifike nchi hii. Kule nyumbani watu waliponitazama vile nilijua inabidi nihame. Hapa sikuwa na pa kuhamia tena.

Nilibakiwa na nusu msimu. Nilitaka kitu kimoja tu, kuondoka pale na jina langu safi. Sherehe sikuitaka, saa ya mezani sikuitaka, nilitaka watu wasahau jina langu kama walivyokuwa wamelisahau miaka yote.

Monsieur Luc aliniita kwenye kontena analoliita ofisi. "Hamisi, mimi sikushuku," alisema, nikajua ananishuku. Alisema watu wanaongea, kwamba wengine wanasema nalainisha udongo makusudi, kwamba wapinzani wananipa chochote, na kwamba mama mmoja ametaja mambo ya dawa, lakini hayo ya dawa yeye hayaamini. Aliyatamka polepole, akinitazama mikono. Aliamua kwamba Jumapili inayofuata mwingine atapanda kichuguu baada ya zamu ya tano. Mimi niandae uwanja asubuhi kama kawaida, kisha nikae mbali, kule kwenye kibanda cha bomba, upande wa wageni. "Ni kwa faida yako," alisema. Nilimuuliza kama Mbelgiji angefukuzwa kwenye udongo wake kwa ajili ya maneno ya mikekani. Alinipa kahawa. Niliiacha.

Basi Jumapili ile nikawa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya benchi la wageni, timu ya vijana wa Kiflamandi kutoka upande wa Leuven, na miaka yote ile sikuwahi kukaa pale. Zamu za mwanzo Espoir aliwafanya watoto. Zamu ya tano ikaisha, mikeka ikafika, mmoja wenu akapanda kichuguu na reki yangu, na akashindilia vibaya, lakini hayo tulishaongea. Zamu ya sita ikaanza. Kule mwinukoni nikasikia sauti ya Papa Venant na waitikiaji wake: "Moto." Na hapo mbele yangu, hatua chache tu, kijana wa Kiflamandi mwenye nywele nyeupe kama katani akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, akitabasamu, "Moto." Mpigaji wao akarudisha mguu nyuma, akasubiri mpira wa kasi, akaupiga ukapita juu ya vichwa vya mikeka yote.

Nilisimama juu ya ndoo. Mwinukoni wakalia, "Kupinda." Yule kijana akasema, "Piinda." Mpigaji akachelewesha rungu, akangoja mpira ushuke, akaupiga. Benchi zima likacheka. Mmoja akajaribu kulitamka neno lile kama Maman Espoir alivyolitamka, na kwa kweli hakukosea. Hawakuhitaji kujua Kiswahili. Walihitaji maneno mawili, na kila Jumapili walikuwa wakifundishwa bure na darasa zima la watu wazima wenye mikeka na darubini. Ligi ni ndogo, timu zinajuana, habari ilikuwa imezunguka. Sikuwaona kuwa wezi. Ukipewa kitu kwa sauti kubwa namna ile, utaziba masikio?

Wale watu wangu wa Kivu, wanaojua kubadili lugha saluni ninapoingia, hawakufikiri hata mara moja kwamba uwanja una masikio. Mnajua wenyewe tunavyosema ndani ya tramu, habari za ndoa za watu na magonjwa ya watu, kwa kuwa aliyekaa pembeni ni mzungu. Na mtoto wao alikuwa akianguka baada ya wao kufika kwa sababu walikuwa wamefika. Zamu alizokuwa simba, hawakuwahi kuziona.

Siku ile Espoir alipoteza mchezo, na mikeka ikasema nilikuwa nimeshafanya mambo yangu asubuhi.

Nilimngoja kwenye bomba la maji ambapo huwa anaosha viatu. Nilimweleza yote, kwa haraka, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata ushahidi. Akaendelea kusugua kiatu.

"Papa Hamisi," alisema, "miye ninajua. Tangu zamani. Maskio ninayo."

Nilifikiri hajanielewa. Nikarudia.

"Nilimuombaka receveur, ule mudakaji, abadilishe vidole," akasema. "Papa Venant alishika code mara moja. Ule muzee alichungaka bajangili mu pori, vidole ya mutoto wa Bruxelles itamushinda?"

"Na kwa nini hukuwaambia?"

"Nibaambie nini? Njo maman anapiga kelele kuliko bote. Nimuambie, maman, njo weye unanipoteza? Hatakuya tena. Na bale bengine batapata haya, hawatakuya. Semaine yote, siku zote sita, iko peke yake mu appartement, papa. Dimanche, siku ya misa, njo anachekaka. Alors banaweza kusema ninachoka, si mbaya."

"Na mimi je?" nilimuuliza. "Mimi wanasema naweka dawa kwenye udongo. Umesikia hilo pia?"

Alifunga bomba. Alisikia, bila shaka alisikia, masikio alikuwa nayo. "Pardon, papa," alisema. Kisha akasema atawaambia, mechi ya mwisho ikiisha atawaambia. Nilimtazama yule kijana ambaye nilimjazia shimo la mguu wake tangu akiwa mwanafunzi, na nilikasirika. Ahadi yake sikuiamini. Nimewahi kuamini vitu vichache sana, na hiki hakikuwa kimojawapo.

Mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa ndio siku yangu ya mwisho ya kazi, na Monsieur Luc, kwa faida yangu tena, alinikataza kichuguu kuanzia asubuhi. Ninyi wawili mlifanya kila kitu. Nilivaa shati safi, nikazunguka uwanjani bila kifaa mkononi, sikujua nifanye nini na vidole vyangu. Zamu za mwanzo Espoir alirusha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Wakati wavu wa chuma unaburutwa mikeka ikafika. Nami nikaanza kupanda mwinuko. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeikata fupi, ya kumwambia Papa Venant mbele ya watu wote nani anayemwangusha mtoto. Nilitaka aibu iwashike wote kwa pamoja. Nasema wazi, niliitamani aibu ile.

Waliponiona nakuja, maneno yakafa. Lakini mimi ni mtu mzima, na mtu mzima akifika kwenye mkeka hafukuzwi. Wakajivuta, wakanipa nafasi katikati, kati ya Papa Venant na Maman Espoir. Nikakaa ili nipumue kwanza, kile kilima si kidogo. Papa Venant akaiweka darubini ndani ya begi lake na kufunga zipu. Akaniuliza habari za magoti. Nikamwambia moja ni zima. Maman Espoir akaniuliza watoto wangu wanasoma wapi sasa. Mwingine akauliza pensheni inaanza lini. Wakati huo zamu ya sita imeanza, mdakaji anaonyesha vidole, Espoir anarusha, na kwenye mikeka hakuna aliyetaja moto wala kupinda, maana mambo ya mtoto hawawezi kuyasema mbele ya mtu anayemroga. Tukawa tunaongea hali ya hewa.

Mpigaji wa wageni akapiga hewa. Akatoka kwenye mstari wake, akainua shingo kututazama, kama mtu aliyezoea kupewa chai mahali fulani na leo hakuna. Wa pili akapiga hewa. Niliona mkono wa Papa Venant ukishuka kwenye zipu ya begi, akanitazama, mkono ukarudi gotini. Zamu ya saba ikapita hivyo, ya nane ikapita. Sentensi yangu ilikuwa bado mdomoni. Nilielewa kwamba nikiisema, mikeka hii haitatandikwa tena, na kwamba nisipoisema, najua watakachosema wao. Pembeni yangu Maman Espoir alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili. Nikakaa tu.

Ninyi mnaobaki pale, mwakani watakuja tena na darubini yao. Mmoja wenu atapanda kichuguu baada ya zamu ya tano, na mimi sitakuwepo wa kulaumiwa. Fanyeni mnachoweza. Haya niliyoandika yakae kwenu hadi Espoir atakapoacha kucheza.

Siku ile alimaliza zamu zote tisa. Mpigaji wa mwisho alipopiga hewa mwinuko mzima ulisimama, kina mama wakapiga vigelegele, na Maman Espoir akalia wazi bila kujifuta. Chini uwanjani wenzake walikuwa wamembeba. Espoir alitazama juu kwetu, akaniona nimekaa katikati ya watu wake, na akateremsha macho. Nilingoja apande kilima. Hakupanda.

Papa Venant aliwageukia wenzake, na hakuhitaji Kilingala sasa. "Munaona?" alisema, bila hasira, kama mtu anayefunga faili. "Leo hakugusa udongo. Tangu asubuhi hakugusa. Na mutoto amemaliza."

Wote wakanitazama. Nilitafuta sentensi yangu, nilikuwa nayo, ilikuwa fupi na ya kweli. Maman Espoir akafunua sufuria, akapakua ugali na sambaza, dagaa wa Kivu, wa kukaanga, akaongeza pilipili pembeni, akapiga goti la heshima mbele yangu na kuninyooshea sahani. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka na alikuwa anacheka.

"Kula, papa," alisema. "Tumekusamehe."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikala.